Hodi ya Mwekezaji: Historia ya Kituo cha Uwekezaji Tanzania

Ndani ya jina la Utemini, kata iliyomo mjini Singida, limo neno utemi, cheo cha watawala wa zamani katika nchi za kati na magharibi ya Tanganyika. Katika karne ya 19 misafara ya biashara iliyopita Ugogo na Unyamwezi ilitozwa hongo na watawala hao. Mgeni mwenye mali alijua mlango wa kupigia hodi. Na mwenyeji aliyetaka habari za mgeni hakuwa na safari ndefu ya kwenda kuziuliza.

Mwaka 1963 mambo mawili yalitokea. Serikali ya Tanganyika huru ilifuta mamlaka ya watemi na machifu wengine; tena katika mwaka huo huo ikatungwa sheria ya kulinda mitaji itokayo ng'ambo. Basi hodi ya mgeni ikahama, ikaelekea Dar es Salaam. Lakini baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, mabenki na makampuni makubwa yalipotaifishwa, haja ya kuwabembeleza wenye mitaji ilipungua sana.

Haja hiyo ilirudi baada ya uchumi kudhoofika katika miaka ya 1980. Sheria ya 1990 ilianzisha Kituo cha Kukuza Uwekezaji; kisha Sheria ya 1997 ikaweka mahali pake Kituo cha Uwekezaji Tanzania, kilichojulikana kwa herufi TIC. Kazi yake ilikuwa kuisemea nchi mbele ya wageni na wenyeji wenye mitaji, kuwapa waliotimiza masharti cheti cha vivutio kilichowapunguzia kodi na ushuru, na kuwasaidia kupata vibali bila kuzunguka ofisi nyingi.

Kazi nzito zaidi ilihusu ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 asiye raia hawezi kumilikishwa ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji. Kituo ndicho kilichopewa ardhi hiyo, nacho kikampa mwekezaji haki ya kuitumia kwa muda. Na ardhi ya kijiji haiwezi kutengwa kwa uwekezaji mpaka imehamishwa kwanza. Ikiwa haifiki hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji una uwezo wa kukubali au kukataa. Ikizidi hapo, wanakijiji hutoa maoni yao, na uamuzi ni wa Waziri.

Hapo ndipo kipimo cha msemaji wa nchi kinapoonekana. Mwaka 1953 kampuni ya General Electric ya Marekani ilianzisha idara maalumu ya mahusiano na wawekezaji, kwa kuwa aliyetoa mtaji wake anastahili kuelezwa unavyotumika, faida na hasara pia. Kanuni hiyo ni ya haki. Lakini haina budi kufika hata kijijini. Mkulima wa alizeti wa Singida hana hati ya hisa. Mtaji wake ni shamba. Akiulizwa kama ardhi ya kijiji itolewe, naye anastahili kujua itatumika kwa kazi gani, kwa miaka mingapi, na itakuwaje mradi ukifa. Mkutano ulionyimwa habari hizo huweza kupiga kura, lakini hauwezi kuamua.

Mwaka 2025 Kituo kiliunganishwa na mamlaka ya maeneo ya uzalishaji wa bidhaa za kuuzwa nje, ikazaliwa Mamlaka ya Uwekezaji na Maeneo Maalumu ya Kiuchumi Tanzania. Jina limebadilika, na mlango umepanuliwa. Mamlaka hiyo itahesabu mitaji iliyoingia, na ni wajibu wake kuihesabu. Lakini anayeitikia hodi kwa niaba ya nyumba nzima hana budi kugeuka nyuma, awaambie waliomo ndani ni nani aliyekuja na ametaka nini, kabla hajamkaribisha kukaa.