Safari ya Mwisho ya Shelley: Chombo, Dhoruba na Ushahidi

Wanafunzi wetu wengi hukutana na jina la Percy Bysshe Shelley katika masomo ya fasihi ya Kiingereza, wakakariri mashairi yake na kisha wakaambiwa kwa sentensi moja kwamba alikufa maji nchini Italia. Katika makala haya tunakusudia kuipanua sentensi hiyo. Tunafanya hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, kisa chenyewe kinafundisha namna historia inavyoandikwa, na wakati mwingine inavyopotoshwa. Pili, sisi tunaofundisha Kiswahili mbali na Bahari ya Hindi hatuna budi kutafuta habari za kufundishia msamiati wa ubaharia, ambao wanafunzi wetu huuona kwenye kamusi tu.

Shelley alihama Uingereza mwaka 1818 pamoja na mkewe Mary, mwandishi wa riwaya ya Frankenstein. Mwishoni mwa Aprili 1822 walihamia Casa Magni, nyumba iliyokuwa ukingoni mwa bahari katika kijiji cha San Terenzo, karibu na mji wa Lerici, ndani ya Ghuba ya La Spezia. Waliishi pamoja na rafiki yao Edward Williams na Jane, mwenzi wake. Mei 12 chombo walichokuwa wakikingoja kiliwasili kutoka Genoa, kilikoundwa chini ya usimamizi wa Daniel Roberts, ofisa wa jeshi la maji la Uingereza. Umbo lake lilitokana na mfano aliokuwa nao Williams.

Hakikuwa chombo cha biashara wala cha uvuvi. Kilikuwa chombo cha starehe, cha kutembelea pwani. Kwa mujibu wa Mary urefu wake ulikuwa futi 24, yaani zaidi kidogo ya meta saba. Kilikuwa na milingoti miwili, lakini hakikuwa na sitaha; wimbi likiingia, liliingia moja kwa moja hadi ngamani. Kilihitaji farumi nzito ya chuma ili kitulie majini. Kilipewa jina la Don Juan, jina la utenzi wa rafiki yao Lord Byron, na jina hilo likaandikwa kwenye tanga. Shelley hakupendezwa. Walijaribu kuyafuta maandishi yakakataa, mwishowe wakakikata kipande hicho cha tanga na kushona kiraka. Mnamo Juni Roberts na Williams wakakiongezea milingoti ya juu na matanga zaidi, wakairefusha omo na tezi. Kikapendeza na kikawa chepesi. Shelley mwenyewe hakujua kuogelea.

Julai 1 walisafiri kwenda Livorno kumpokea mwandishi Leigh Hunt, aliyefika na familia yake ili aanzishe jarida pamoja na Byron na Shelley. Mary alibaki nyumbani, mgonjwa baada ya mimba kuharibika Juni 16. Julai 8, baada ya adhuhuri, Shelley na Williams walitweka tanga kurudi Lerici. Pamoja nao alikuwamo kijana wa kazi za chomboni, Charles Vivian. Rafiki yao Edward Trelawny alitaka kuwasindikiza kwa chombo cha Byron, Bolivar, lakini wakuu wa bandari wakamzuia kwa kuwa hakuwa na hati za kuondokea. Roberts alipanda mnarani akawaona kwa mbali wakitua matanga ya juu. Kisha ukungu ukawafunika. Dhoruba ilikuwa fupi, na ilipopita chombo hakikuonekana tena.

Siku kumi hivi baadaye maiti ya Shelley ilitupwa ufukweni karibu na Viareggio. Mfukoni mlikuwa na kitabu cha mashairi ya John Keats, aliyekufa Roma mwaka uliotangulia. Sheria za karantini ziliagiza miili iliyoletwa na bahari izikwe papo hapo ufukweni kwa chokaa. Kwa kibali maalumu, katikati ya Agosti, miili ya Williams na Shelley ilifukuliwa na kuteketezwa, mbele ya Trelawny, Byron na Hunt. Majivu ya Shelley yalizikwa Roma. Alikuwa amebakiza mwezi mmoja tu kutimiza miaka 30.

Je, chombo kilizamaje? Septemba 1822 kiliopolewa. Roberts alikikagua, akaona kwamba vitu vingi vilikuwa bado ndani, akakata shauri kwamba hakikupinduka bali kilijazwa na mawimbi. Baadaye, kwa kuwa milingoti ilikuwa imevunjika na ubavu umebomoka, alidhani kiligongwa. Mwaka 1875 ikachapishwa habari kwamba mvuvi mzee, karibu na kufa, aliungama kuwa yeye na wenzake walikigonga makusudi ili waibe fedha. Habari hiyo ilipitia vinywa kadhaa, tena baada ya zaidi ya miaka 50. Trelawny aliishadidia, naye alikuwa na tabia ya kukisimulia kisa hiki upya kila mara kwa namna tofauti: kitabu chake cha mwaka 1858 hakilingani na kile cha 1878. Sisi tunaona kwamba chombo kisicho na sitaha, chenye matanga mengi na farumi nzito, hakikuhitaji maharamia ili kizame.

Upotoshaji mwingine ulifanywa kwa rangi. Mwaka 1889 Louis Édouard Fournier alichora mazishi hayo: anga la kijivu, watu wamevaa makoti mazito, na Mary amepiga magoti nyuma yao. Kumbe ilikuwa Agosti, jua kali la Italia, na Mary hakuwapo kabisa. Hata hivyo ni picha hiyo inayokumbukwa na wengi.

Na Charles Vivian je? Mshairi ana kaburi linalotembelewa, na Williams hutajwa pamoja naye. Kijana aliyekuwa akivuta kamba za tanga hupewa mstari mmoja tu, na vitabu vingine humsahau kabisa. Wazee wa pwani husema: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ndani ya chombo kile mwajiri na mwajiriwa walirejea ngamani pamoja. Ni kalamu za waandishi zilizokuja kuwatenganisha.

Tunawashauri walimu wawape wanafunzi kisa hiki wakisimulie upya kwa Kiswahili, wakitumia maneno tanga, mlingoti, farumi, omo, tezi na ngama. Kisha wawaulize: kila jambo mliloandika, ni nani aliyeliona kwa macho yake?