Kiwanja Kwanza: Somo la Mwanjelwa kwa Mji wa Tunduma



Juma hili tutafakari habari ya makao. Kwa sensa ya mwaka 2012, Halmashauri ya Mji wa Tunduma ilikuwa na watu 97,562. Kwa sensa ya mwaka 2022 walikuwa 219,309. Mji ufanye nini, watu wanapoongezeka upesi kuliko nyumba? Swali hili taifa letu lilikwisha kulijibu kwa njia mbili, na yafaa tukumbuke kila njia ilizaa nini.

Jibu la kwanza lilikuwa kubomoa. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na katika miaka iliyofuata nyumba za miti na udongo zilivunjwa huko Dar es Salaam, hasa Magomeni, zikajengwa za kudumu mahali pake. Nia ilikuwa njema: kumwondolea mwananchi fedheha ya kibanda. Lakini hesabu ilikataa. Gharama ilikuwa kubwa, na sehemu kubwa ya nyumba mpya iliziba tu pengo la zile zilizovunjwa. Wakati huohuo wageni waliendelea kuingia mjini na kujijengea wenyewe huko Manzese na kwingineko.

Mwaka 1972 Serikali iligeuza mwelekeo. Mitaa iliyojengwa bila kupimwa ilitambuliwa kuwa jasho la wananchi, ikaamuliwa iboreshwe badala ya kufutwa: ipelekewe barabara, maji, shule na zahanati. Kando yake vipimwe viwanja vipya, na kila mtu ajenge kadiri ya uwezo wake. Kuanzia mwaka 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kazi hiyo ilianzia Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya. Kumbe somo hili lilitolewa jirani kabisa. Mwanjelwa ya Mbeya ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyoboreshwa, na Songwe yote ilikuwa bado sehemu ya Mkoa wa Mbeya, hadi mwaka 2016.

Njia hiyo nayo haikukosa dosari. Huko Sinza na Kijitonyama, viwanja vingi vilivyokusudiwa watu wa kipato cha chini viliishia mikononi mwa wenye uwezo. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyotazamiwa kuwakopesha wajenzi, ilianguka mwaka 1995. Tunajifunza kwamba kiwanja cha maskini kisipolindwa humfuata mwenye fedha.

Turudi Tunduma. Huu ni mji wa njia. Barabara kuu ya Zambia, reli ya TAZARA iliyofika mpakani mwaka 1973, na kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa mwaka 2019 vimeleta riziki, na riziki imeleta watu. Kuli, mama lishe na mchuuzi wa mahindi wote huanza kwa kupanga chumba. Ndiyo maana ukosefu wa makao hapa hauonekani kwa urahisi. Asiye na nyumba si lazima alale barazani. Aweza kuwa mama aliyebanana na wanawe katika chumba kimoja, akidaiwa kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, na ikipanda husogea pembezoni, mbali na maji na mbali na kazi yake.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kupitisha barabara na bomba katika shamba tupu ni rahisi. Kuzipitisha baada ya watu kujenga kwadai fidia, machozi na kesi. Basi viwanja vipimwe mapema, viwe vidogo na vya bei ya chini, na vilindwe dhidi ya walanguzi. Mitaa iliyokwisha kujengwa ipate huduma mahali ilipo.

Mwaka 1987 Umoja wa Mataifa uliutenga kuwa mwaka wa wasio na makao. Tume ya Kipapa ya Haki na Amani ikatoa waraka ambao jina lake lenyewe ni swali: umemtendea nini ndugu yako asiye na makao? Swali hilo ni la halmashauri inayogawa ardhi, na ni la kila mwenye nyumba kati yetu anayepanga kodi.