Ndoto za kutisha: si kila mara umerogwa

Wadau, wengi tukiota vibaya tunakimbilia kusema tumerogwa. Mimi nasema tuangalie kwanza mambo haya: mawazo, ajali au msiba uliokupata, usingizi wa kuungaunga, pombe, na dawa. Efavirenzi ya VVU na meflokwini ya malaria zinajulikana kuleta ndoto za ajabu. Ila jamani, usiache dozi kimyakimya! Mwambie daktari, dawa nyingine zipo.

Nini kifanyike? Lala na kuamka saa zile zile, pombe weka kando. Ndoto ikijirudia, iandike mchana, ibadilishe mwisho wake uwe mzuri, kisha upitie huo mpya akilini dakika 10 hadi 20 kila siku. Wiki kadhaa zikipita, wengi hupata nafuu.

Karibuni tuchangie.