Siku New York ilipokosa mafuta

Leo tunawaletea historia ya karibuni, ya jiji tajiri lililokwama kwa sababu ya mafuta.

Tarehe 29 Oktoba 2012 usiku, dhoruba Sandy ilipiga pwani ya New Jersey na New York. Maji ya bahari yakaingia hadi bandarini, kule mafuta yanakoshushwa na kuhifadhiwa. Umeme ukakatika. Wengi wanadhani petroli iliisha tu, kumbe vituo vingine vilikuwa nayo chini ya ardhi, ila pampu zinataka umeme na jenereta hakuna. Tarehe 2 Novemba hesabu ya serikali ilionyesha asilimia 67 ya vituo vya eneo hilo havina petroli ya kuuza. Watu walipanga foleni na madumu, kama sisi bombani.

Sasa fikirieni magari ya jiji: polisi, zimamoto, ambulensi, ya taka. Bila mafuta ni vyuma tu. Ikabidi jeshi lilete mafuta kwa malori. Kuanzia tarehe 9 Novemba, meya Michael Bloomberg akaweka zamu: namba ya gari ikiishia na witiri, unajaza tarehe witiri; ikiwa shufwa, tarehe shufwa. Ambulensi, mabasi na teksi hazikuhusika na zamu hiyo.

Hospitali ya Bellevue ndiyo inatufundisha zaidi. Jenereta zake zilikuwa ghorofa ya 13, salama kabisa. Lakini pampu za kuzipandishia mafuta zilikuwa chini, zikazama. Wafanyakazi na askari wakajipanga kwenye ngazi, wakapandisha mafuta kwa mikono. Mwishowe wagonjwa zaidi ya 700 wakahamishwa.

Mwaka 2013 jimbo likaanzisha akiba yake ya mafuta, na vituo vilivyo karibu na barabara kuu vikaagizwa viwe tayari kuunganishwa na jenereta.

Kwetu kambini, ambulensi na pampu ya maji vinategemea dizeli, na masika barabara inakatika. Kwa hiyo tusiulize tu "lita ngapi zipo?" Tuulize pia: ziko wapi, zinatolewaje umeme ukikatika, nani ana ufunguo usiku, nani anatangulia? Mama aliyeshikwa na uchungu saa nane za usiku hawezi kungoja kikao. Majibu hayo yaandikwe mapema, yabandikwe kila mtu ayaone.

Na ninyi wa kambi zingine, kwenu ufunguo uko kwa nani?