Bonane ya nyungu moja: karamu ya majirani katika makambi ya Katanga

Katika muji wetu wa Lubumbashi nyumba za etaje zinaongezeka. Watu wanapanda ngazi moja, wanagombania maji ya bomba moja, wanasikia redio ya jirani kupitia ukuta, lakini jina la jirani hawalijui. Mwezi wa kumi na mbili ukifika, kila mumoja anafunga mulango wake na kula kuku yake. Mwanafunzi mumoja aliniuliza darasani: «Mwalimu, wazee walifanya namna gani kusudi Bonane iwe ya bote?» Ulizo lile lilinirudisha katika historia ya makambi, kwa sababu pale ndipo watu wa Katanga walijifunza kukaa mulango kwa mulango na mutu wasiyemujua.

Majirani wasiochaguana

Union Minière iliundwa mwaka wa 1906, na muji wa Elisabethville ukaanzishwa mwaka wa 1910. Mikono ya kazi haikutosha hapa. Wafanyakazi wakaletwa kutoka mbali: Rhodesia ya Kaskazini, Lomami, Kasai, hata Ruanda-Urundi. Wengi walikuja bila bibi, kwa kontra ya muda mufupi, na magonjwa yaliua wengi. Karibu na mwaka wa 1928 kompani ikageuza siasa yake: mufanyakazi aje na bibi, akae miaka, azalie watoto pale pale. Akapewa nyumba, posho ya kila juma, hospitali na masomo ya watoto.

Tuangalie neno lile: akapewa nyumba. Hakuichagua, wala hakuchagua jirani. Mutu wa Kasai aliweza kupakana na Mubemba, Mubemba na mutu wa Lomami. Desturi za arusi na za kilio hazikufanana. Kilichowaunganisha kwanza ni Kiswahili, lugha ambayo kwa wengi wao haikuwa ya mama. Kisha ukafuata moto wa jikoni: mutu anayekuomba chumvi leo, kesho utamuomba makala.

Sikukuu ya juu na sikukuu ya chini

Kompani na misioni walijua kwamba mutu asiyefurahi hafanyi kazi vizuri. Walileta mupira wa miguu, fanfare, sinema ya kambini. Ilikuwa furaha, hatukatai. Lakini ilikuwa furaha inayotoka juu: bakubwa walipanga, bakubwa walikaa mbele, na watu walichungwa. Historia inatukumbusha jambo moja la uchungu. Tarehe 9 desemba 1941, siku 16 mbele ya Noeli, wafanyakazi waliogoma kwa sababu ya mushahara walikusanyika katika uwanja wa mupira wa Lubumbashi. Askari wakawapiga risasi, watu wengi wakafa. Uwanja wa michezo ya kambi ukawa uwanja wa kilio. Mukubwa anaweza kukusanya watu. Kupendana kwao hawezi kukuamuru.

Watu wenyewe walikuwa na furaha yao. Mbeni, ngoma iliyotoka pwani ya mashariki, ilifika Katanga na kuenea kati ya wafanyakazi. Lakini hata mule mulikuwa vyeo vingi, kama katika jeshi. Baadaye gitaa kavu likaja na njia nyepesi zaidi. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey alimurekodi Jean Bosco Mwenda kule Jadotville, yaani Likasi ya leo, akipiga «Masanga». Muziki wa namna ile haukuhitaji fanfare: gitaa moja, chupa inayogongwa, na majirani waliokaa juu ya viti vya kuazimana.

Namna ilivyopangwa kwetu

Mimi nilizaliwa katika kambi moja ya Likasi. Safu yetu ilikuwa na nyumba sita. Wazazi walitueleza kwamba mwaka wa 1974 serikali ya Mobutu ilipoondoa Noeli kati ya siku za kupumzika, watu walienda kazini tarehe 25 desemba kama siku yoyote. Njo maana Bonane ilipata uzito kwetu: ilibakia siku ambayo bote walikuwa nyumbani. Nilivyoiona mimi, ilikuwa na kanuni ine, ambazo hakuna aliyeziandika.

Kwanza, mwanzo ni mapema na mudogo. Tangu mwezi wa kumi, kila nyumba ilitoa kidogo siku ya mushahara, na mama mumoja alichunga. Aliyekosa pesa alileta makala, ao alichota maji, ao alitwanga. Hakuna aliyetangaza nani alitoa nini.

Pili, nyungu ni moja. Bukari ilisongwa katika nyungu moja kubwa, na mama wa makabila mbalimbali walipokezana mwiko. Mboga kila mumoja alileta ya kwao: sombe, lenga-lenga, samaki wa kukausha. Hapo watoto tulijifunza kula chakula cha wengine bila kukunja uso.

Tatu, hakuna kiti cha mukubwa. Mukubwa wa kazi alikaa juu ya benchi moja na mutu wa usafi. Hotuba hazikuwepo. Mzee mumoja alisali kwa ufupi, basi. Walevi walipewa munkoyo, wasiolewa vilevile.

Ine, siku ile hakuna kuulizana deni. «Leo hakuna deni, leo ni Bonane», njo vile walisema. Deni halikufutwa, liliongojea tarehe 2. Na mutu aliyetaka kupumzika ndani ya nyumba yake aliachwa. Watoto walimupelekea sahani.

Mwaka wa 1992

Nyungu ile kubwa ilikuwa mali ya jirani yetu wa nyumba ya pili, familia kutoka Kasai. Mwaka wa 1992 nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tangu mwezi wa nane, chuki ya siasa iliwaangukia Wakasai wa Katanga. Huko Likasi maelfu walifukuzwa katika nyumba zao, wakalala kwenye gare kwa majuma, wakingojea treni ya kuwapeleka Kasai, inchi ambayo watoto wao wengi hawakuwahi kuiona. Mwaka wa 1993 Kolwezi ikafuata.

Usiku walipoondoka, yule mama alimuletea mama yangu nyungu. Akasema: «Mudogo wangu, iyi nyungu ibakiye kwako. Tukirudia, tutapikia ndani bukari ya Bonane.» Mama akajibu: «Yaya, nitaichunga.» Baba akabeba mizigo yao mpaka gare, na jirani wawili wakatembea naye. Bonane ya 1993 haikupikwa. Nyungu ilikaa imefunikwa chini ya meza, na hakuna aliyethubutu kuigusa.

Hapa mwalimu wa historia hana haki ya kudanganya. Karamu haikuwaokoa. Miaka mingi ya kula pamoja haikushinda maneno ya miezi michache. Lakini wale wanaume watatu waliobeba mizigo mbele ya macho ya watu, wakati ambapo jambo hilo lilikuwa hatari, walitoka wapi? Walitoka kwenye benchi ile. Urafiki wa sikukuu hauchukui nafasi ya sheria na haki. Unampa mutu mumoja mumoja sababu ya kukataa.

Kwa wanaokaa leo katika etaje

Kisha mushahara wa Gécamines ukakosekana kwa miezi mingi, na mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya elfu kumi walitoka kazini katika mupango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Kambi nyingi zilibadilika sura. Safu yetu vilevile ilitawanyika.

Lakini kanuni zile ine hazihitaji kompani. Nyumba ya etaje yenye milango minane inaweza kuzifuata: muchango mudogo tangu oktoba, chakula kinachopikwa pamoja uani, benchi bila viti vya heshima, deni lingojee. Tusitafute orkestra wala mugeni rasmi. Tutafute kwanza kujua jina la mutu wa mulango wa pili, na kwao kulipo, na watoto wake ni wangapi. Wakati wa amani njo wakati wa kujuana. Siku ya matata hakuna mwenye nafasi ya kujitambulisha.

Mama yangu bado anaichunga ile nyungu. Imepata tundu karibu na mushikio, na fundi ameiziba. Kila Bonane tunasonga bukari ndani. Tunaita majirani wa kila upande, na mutoto anapouliza nyungu ni ya nani, tunamwambia: ni ya yaya, alituachia.