Ni Nani Aliyeipima Dawa Hii?

Leo tutazungumzia dawa ya maji ya watoto, ile tamu ambayo mtoto huimeza bila kulia. Ni nani anayehakikisha kwamba dawa hiyo ni salama kabla haijafika mdomoni mwa mtoto wako? Swali hili lina historia, na watoto wengi walikufa kabla halijapata jibu.

Tuanzie Marekani, mwaka 1937. Wakati huo kulikuwa na dawa iliyoitwa salfanilamidi. Ilitibu maradhi ya koo na maambukizi mengine, lakini ilipatikana kama vidonge na unga. Kampuni ya Massengill, ya mji wa Bristol katika jimbo la Tennessee, ilitaka kuiuza kama dawa ya maji. Mkemia wake aliyeyusha unga huo katika kimiminika kiitwacho daiethilini glikoli, kisha akatia ladha ya matunda. Kampuni ilikagua mwonekano, ladha na harufu. Haikupima kama dawa hiyo ingeweza kumdhuru anayeinywa.

Daiethilini glikoli ni sumu. Hutumika viwandani, kwa mfano katika kutengeneza maji ya breki za magari. Ikiingia mwilini huharibu figo, na mgonjwa hushindwa kukojoa.

Dawa hiyo ilianza kusambazwa Septemba 1937. Kufikia mwezi uliofuata, habari za vifo zilikuwa zimeanza kusikika. Waliokufa walizidi 100, na kati yao 34 walikuwa watoto. Idara ya serikali ya kusimamia dawa, FDA, ilituma wakaguzi wazifuate chupa hizo dukani, kwa madaktari na majumbani. Kati ya galoni 240 zilizotengenezwa, walizipata takriban 234. Vifo vyote vilitokana na zile galoni chache zilizokuwa zimekwisha kunywewa.

Je, kampuni iliadhibiwaje? Sikiliza kwa makini. Sheria ya wakati ule haikumlazimisha mtengenezaji kuthibitisha usalama wa dawa kabla ya kuiuza. Mwenye kampuni alisema haoni kama wana lawama. Kosa lililopatikana lilikuwa la jina tu: chupa iliandikwa “eliksiri”, neno linalomaanisha dawa yenye pombe, ilhali ndani hamkuwa na pombe. Kampuni ikatozwa faini kwa sababu ya neno hilo. Kuua watu kwa dawa isiyopimwa hakukuwa kosa katika sheria hiyo.

Mama mmoja wa Tulsa, jimbo la Oklahoma, alifiwa na bintiye wa miaka sita kwa dawa hiyo. Novemba mwaka huo alimwandikia Rais Franklin Roosevelt barua, akaambatanisha picha ya mtoto, akiomba dawa kama hizo zizuiwe zisiwaue watoto wa wengine. Hasira ya wananchi ilizidi kupanda. Mnamo Juni 1938, Roosevelt alitia sahihi sheria mpya. Tangu hapo, mtengenezaji wa dawa mpya nchini humo alitakiwa kuonyesha kwamba ni salama kabla ya kuiuza.

Lakini sumu ile haikuisha duniani. Dawa nyingi za maji hutengenezwa kwa gliserini, ambayo ni tamu na salama. Daiethilini glikoli hufanana nayo na bei yake ni nafuu. Mfanyabiashara asiye mwaminifu akichanganya, na mtengenezaji asipopima kila pipa analonunua, sumu huingia kwenye chupa. Nchini Nigeria, mwaka 2008, dawa ya watoto wanaoota meno iliua watoto 84. Mwaka 2013 mahakama ya Lagos iliwafunga wafanyakazi wawili wa kampuni iliyoitengeneza. Nchini Gambia, mwaka 2022, watoto wapatao 70 walikufa kwa maradhi ya figo. Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu dawa nne za maji kutoka India. Kampuni iliyozitengeneza ilikana lawama. Gambia haikuwa na maabara ya kupima ubora wa dawa, hivyo ikabidi sampuli zipelekwe nje.

Nasi je? Mnamo Aprili 2024, Nigeria ilitangaza kuwa imegundua daiethilini glikoli katika bechi moja ya dawa ya kikohozi ya watoto, ambayo pia iliuzwa Kenya, Tanzania na Rwanda. Hapa kwetu, Bodi ya Famasia na Sumu iliagiza bechi hiyo isiuzwe na irudishwe. Mtengenezaji alisema vipimo vyake havikukuta sumu hiyo. Hata hivyo, ni heri chupa irudishwe ikiwa salama kuliko kungoja mtoto augue.

Kumbuka mambo haya, mama:

Nunua dawa kwenye duka lililosajiliwa, si kwa mchuuzi wala ndani ya matatu.

Usiitupe chupa wala pakiti kabla mtoto hajapona. Bechi ni fungu la dawa zilizotengenezwa pamoja, na nambari yake imeandikwa hapo. Nambari hiyo ndiyo hutumika kuisaka dawa mbaya.

Mtoto akitapika, akiumwa na tumbo, akilegea au akipunguza kukojoa baada ya kupewa dawa, acha kumpa na umpeleke hospitali mara moja. Ibebe chupa hiyo.

Mwambie muuguzi au mfamasia aandike taarifa kwa Bodi. Hata wewe mwenyewe unaweza kuripoti. Usione haya kwamba hukusoma sana. Wewe ndiwe unayemwona mtoto usiku na mchana.

Hatusemi uogope dawa. Dawa aliyoandikiwa mtoto na daktari, mpe kwa kipimo alichoagizwa. Lakini usichoke kuuliza, kwa maana asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mama wa Tulsa aliuliza akiwa tayari amemzika mwanawe. Wewe uliza mapema.