Tundu la Tatu: historia ya umeme iliyofichwa ukutani, Matemwe

Nimerudi mjini juzi kutoka Matemwe. Nilikwenda kula Idi kwa shangazi, nikarudi na jambo ambalo limeninyima usingizi siku mbili hizi. Jambo lenyewe ni friza.

Shangazi yangu anauza barafu za ukwaju na za maziwa. Friza lipo jikoni, na kila akitaka kulifungua anafanya mambo mawili: anavaa ndara, kisha anakunja ncha ya kanga mkononi ndipo ashike mpini. Nikamuuliza, shangazi, kanga ya nini?

"Linauma," akanijibu, kama vile anamzungumzia paka wa jirani.

"Tangu lini?"

"Tangu tulinunue mwanangu. Na sakafu ikiwa majimaji ndiyo linauma zaidi. We vaa ndara tu, halina neno."

Nusu saa baadaye akaingia mjukuu wake wa miaka mitano, pekupeku, ametoka pwani, nguo zinachuruzika maji, anataka barafu. Sote wawili tulimrukia kabla hajafika pale mlangoni pa friza. Shangazi akacheka. Mimi sikucheka.

Bahati nzuri mtoto wa ami yangu, ambaye ni fundi umeme Uingereza, alikuwa amekuja likizo. Kwenye mkoba wake mlikuwa na vidude viwili ambavyo sijawahi kuvitia machoni. Kimoja ni kipima soketi: unakichomeka kama plagi, kina taa tatu ndogo, na mpangilio wa taa zinazowaka unakwambia kama waya za ndani zimefungwa sawasawa. Cha pili ni kitafuta-breka, na hiki ni viwili kwa kimoja. Kipande cha kwanza unakichomeka kwenye soketi nacho kinatuma ishara kwenye waya. Kipande cha pili unakwenda nacho kwenye meni swichi, unakipitisha juu ya sakiti breka moja baada ya nyingine. Ile breka inayolisha soketi yako, kinalia. Mara ya kwanza unakipitisha ili kijifunze, mara ya pili ndipo kinakuonyesha.

Lakini kabla sijasimulia tulichokiona, ndugu msomaji, inabidi nirudi nyuma kidogo, maana nilichokikuta kwenye ukuta wa shangazi ni historia tupu.

Sisi Wazanzibari tuna hadithi tunayopenda kuwapa wageni: eti Unguja iliwaka taa za umeme kabla ya London. Nimeisikia tangu skuli, na mimi mwenyewe nimeshaisimulia mara kadhaa kwa kifua mbele. Tarehe zinakataa. Taa za umeme ziliwashwa kando ya mto Thames mwaka 1878, na mwaka 1882 kituo cha Edison cha Holborn Viaduct, hapohapo London, kilikuwa tayari kinazalisha umeme. Beit al-Ajaib ya Sayyid Barghash yenyewe ilijengwa mwaka 1883. Tubaki na fahari tuliyo nayo kwa haki, nayo inatosha: jumba lile linasifika kuwa la kwanza Zanzibar kuwa na umeme, na la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti. Inasikitisha kwamba sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, katikati ya ukarabati.

Kutoka kwenye kasri la Sultani hadi jikoni kwa shangazi ni safari ya karibu karne nzima. Kwa miaka mingi umeme ulikuwa jambo la mjini, wa mashine za dizeli pale Saateni. Mwaka 1980 ndipo ulipolazwa waya chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, upande wa Bara, hadi Ras Fumba. Ulikuwa wa kilovolti 132, wenye uwezo wa megawati 45. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980, kwa msaada wa Norway, nguzo zikaanza kuelekea mashamba. Mwanaanthropolojia wa Norway, Tanja Winther, aliishi Uroa, pwani hiihii ya mashariki kusini ya Matemwe, na mwaka 2008 akatoa kitabu kizima juu ya namna umeme ulivyobadilisha maisha ya kijiji. Jambo mojawapo analolionyesha ni kwamba nyumba na mikataba ya umeme ilikuwa zaidi mikononi mwa wanaume. Hilo lishike, tutalirudia.

Kisha ikaja ile miaka ambayo kila mtu wa rika langu anaikumbuka. Tarehe 21 Mei 2008 umeme ulikatika Unguja nzima, ukarudi karibu mwezi mmoja baadaye. Tukasema yamekwisha. Tarehe 10 Desemba 2009 ukakatika tena kwa hitilafu ya Fumba, na safari hii tulikaa gizani miezi mitatu, hadi Machi 2010. Pampu zilisimama, maji yakawa ya kutafuta kwa ndoo. Mji Mkongwe ulinguruma jenereta usiku kucha, na moshi wake ukajaa vichochoroni. Mwaka 2013 ukaanza kazi waya mpya wa megawati 100, uliolipiwa na Marekani kupitia mfuko wa Millennium Challenge. Tangu hapo hatujaona tena giza la namna ile.

Yote haya yameandikwa. Yapo kwenye ripoti, magazeti na vitabu. Ila historia ya umeme ukishavuka mita na kuingia ndani ya ukuta, nani aliyeiandika?

Haya, turudi jikoni.

Mtoto wa ami akaanza na soketi ya sebuleni. Taa zikawaka kama jedwali lililobandikwa kwenye kifaa linavyotaka: sawa. Chumbani: sawa. Jikoni, kwenye soketi ya friza: hakuna ethi. Akachomoa, akachomeka tena. Hakuna ethi. Akarudi sebuleni kuhakikisha kwamba kifaa chenyewe ni kizima. Kizima.

Ethi ni lile tundu la tatu, la juu, kubwa kuliko wenzake. Wengi wetu tunalijua kwa kazi moja tu: unalichokora na kalamu ya wino ili matundu mawili ya chini yafunguke, upate kuchomeka chaja yenye vijiti viwili. Usibishe, umefanya. Mimi pia. Soketi hii tumeirithi kwa Mwingereza. Kiwango chake kilitoka mwaka 1947, kutokana na kazi ya kamati iliyokaa wakati wa vita kufikiria nyumba zitakazojengwa baada yake. Kamati ile ilikuwa na wajumbe 20, na mwanamke mmoja tu, Caroline Haslett, mhandisi aliyeongoza chama cha wanawake na umeme. Kinga ya watoto ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyozingatiwa. Ndiyo maana kijiti cha ethi ni kirefu: kinatangulia kuingia, na kikiingia ndipo vifuniko vya matundu yenye umeme vinafunguka. Kwa hiyo kila tunapochokora na kalamu, tunafungua kwa nguvu mlango uliowekwa kwa ajili ya watoto.

Kazi ya ethi ni rahisi kuieleza. Friza ni la bati. Likizeeka, umeme kidogo huanza kuvuja kwenye kompresa na kuingia kwenye bati. Ethi ikiwepo, umeme ule unapata njia ya waya kwenda ardhini. Isipokuwepo unabaki kwenye bati, unamngoja mtu. Mtu huyo akiwa na ndara na kanga, anasikia kuumwa kidogo. Akiwa mtoto wa miaka mitano, ameloa, miguu chini... unanielewa.

"Lakini tuna breka," shangazi akasema. "Si ndiyo kazi yake?"

Hapa nilijifunza kitu ambacho ningependa kila mtu akijue. Sakiti breka ndogo hizi tulizonazo ni uvumbuzi wa Hugo Stotz na mwenzake Heinrich Schachtner, Mannheim, Ujerumani, mwaka 1924. Zilikuja badala ya fyuzi, na kazi yake ni kuzuia waya usipate moto ukawaka. Breka inalinda waya, hailindi mtu. Breka ya ampea 16 haishtuki kwa chini ya ampea 16, wakati sehemu ndogo mno ya ampea moja inatosha kumuua binadamu. Kinachomlinda mtu ni swichi nyingine, ile inayolinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, ikaona upungufu wa miliampea 30 ikakata papo hapo. Hiyo ilianza kuenea duniani baada ya miaka ya 1950. Kwenye meni swichi ya shangazi haikuwepo.

Sasa zamu ya kile kifaa cha pili. Kifuniko cha meni swichi kilikuwa na maandishi mawili ya kalamu yaliyofifia: TAA, na SOKETI. Mtoto wa ami akaacha kipande cha kwanza kwenye soketi ya friza, akaja na cha pili. Kwenye SOKETI, kimya. Kwenye TAA, kikalia. Akarudia. Kikalia palepale. Akaizima ile breka: taa za vyumba zikazimika, na friza nalo likanyamaza.

Tukatazamana. Friza lilikuwa linakula kwenye waya wa taa. Na waya wa taa katika nyumba ile ni wa nyuzi mbili tu, hauna ethi kabisa. Ndiyo maana tundu la tatu la jikoni lilikuwa pambo.

"Shangazi, soketi hii nani aliiweka?"

Akafikiri kidogo, halafu akasema, "Aa, hiyo si soketi ya friza hiyo. Hiyo ni soketi ya jenereta."

Hadithi ikatoka. Wakati wa lile giza la miezi mitatu, marehemu mume wake aliazima kijenereta. Kijana mmoja wa pale aliyekuwa akifanyafanya kazi za waya akavuta kutoka kwenye taa hadi jikoni, akaweka soketi, na jenereta likawa linachomekwa pale kwa waya wenye plagi pande zote mbili, umeme unaingia kinyumenyume na kuwasha taa za nyumba. (Tafadhali usifanye hivyo. Ukisahau kuzima meni swichi, umeme wako unatoka nje kwenye nguzo, na fundi aliyeko juu anaweza kufa kwa ajili yako.) Machi 2010 umeme ukarudi, jenereta likarudishwa kwa mwenyewe, soketi ikabaki. Ilikuwa ya muda. Baadaye likanunuliwa friza, na jikoni soketi ilikuwa ileile moja. Kijana yule simlaumu sana. Aliulizwa taa, akatoa taa.

Mume akafariki, na alichokijua kuhusu waya za nyumba akaenda nacho. Shangazi ndiye anayetia umeme wa Tukuza kwa pesa yake ya barafu, lakini hakuna siku aliyoonyeshwa breka ipi ni ya wapi. Sasa naielewa ile hoja ya kitabu cha Uroa. Waya uliingia nyumba ya mwanamke, maelezo yakabaki kwa mwanamume.

Basi miezi mitatu ile ya giza haikwisha Machi 2010. Matemwe ilikuwa bado ipo, ndani ya ukuta, inauma.

Kazi yenyewe ya kurekebisha hatukuifanya sisi. Vidude hivi vinakwambia ugonjwa, havitibu, na hata kuambia kuna mipaka yake: kipima soketi kinaweza kusema ethi ipo, lakini hakiwezi kukwambia kama ni ethi nzuri. Tulimleta fundi mwenye leseni kutoka mjini na mashine ya kupimia ardhi. Matemwe ni mchanga na mawe ya matumbawe. Ardhi hiyo ikikauka hupitisha umeme kwa shida, kwa hiyo fimbo ya shaba peke yake haitoshi, lazima na ile swichi ya miliampea 30. Akavuta waya mpya wa nyuzi tatu kutoka meni swichi hadi jikoni, akaupa breka yake, akaifunga na swichi.

Kabla ya kuondoka, mtoto wa ami alimpa shangazi kifaa na kalamu, wakazunguka nyumba nzima wawili. Kinapolia, shangazi anaandika. Sasa kifuniko kinasomeka kwa mwandiko wake: FRIZA. TAA ZA VYUMBA. SEBULENI. BARAZANI.

Asubuhi ya kuondoka nilimwona anafungua friza kumpa mjukuu barafu. Ndara hana. Kanga bado ameikunja mkononi.

"Shangazi, si limeshatengenezwa?"

"Najua," akasema. "Mkono haujaamini."

Leo jioni ukifika nyumbani, hebu fungua kile kifuniko cha meni swichi. Soma kilichoandikwa. Kisha muulize mkubwa wa nyumba nani aliandika, na lini. Kama hakuna kilichoandikwa, muulize angali hai.